Gazeti la Kuvaa Kichwani

Juzi, kwenye treni ya Mwanza, mwanamke mmoja aliyepandia Tabora alipita behewani akiomba magazeti yaliyokwisha kusomwa. Mzee aliyekaa mbele yangu akalikumbatia lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bado nasoma."

"Nitasubiri."

Akaketi, mikono magotini, akamtazama. Mzee akasoma mpaka matangazo ya vifo. Mwishowe akasema, "Mwanangu, mimi gazeti nasokotea tumbaku."

"Nami nafundisha chekechea kijijini, karibu na Bukene. Karatasi hatuna."

Akaokota sakafuni kipande cha gazeti kilichofungiwa karanga, akakikunja pembe kwa pembe, akapitisha ukucha kwenye mkunjo. Ikawa kofia ndogo.

"Mtoto akiweza hivi, kalamu haitamshinda."

Mzee akaigeuzageuza ile kofia. Kisha akachana ukurasa mmoja wa kusokotea tumbaku yake, zilizobaki akampa.

Kila siku tunahubiriwa kujitegemea, na wengi wetu tunakaa kusubiri mgao. Yule mwalimu alisubiri tu mzee amalize kusoma, akashuka Bukene na mzigo kwapani.

Nawe ukimaliza safu hii, usiisokote. Kuna kichwa kidogo Bukene kinaisubiri.