Mnusaji wa Tangi

Mdogo wangu, tumbo moja, tulimpa jina la Pua tangu utotoni. Mama akiunguza sufuria, yeye ndiye wa kwanza kujua, hata kama yuko kwa jirani. Ukificha soksi chafu chini ya godoro, atakuumbua mbele ya wageni. Kwa hiyo alipopata kazi kwenye visima vya gesi, hakuna aliyeshangaa walipomfanya mnusaji.

Niieleze kazi yenyewe, ingawa hata kuitaja kunanitia kinyaa. Gesi ya pale imejificha ndani ya mwamba mgumu, na mwamba wenyewe hauna presha ya kuisukuma juu. Basi wanaupasua. Wanashindilia povu chini: maji, sabuni, naitrojeni, na unga wa mbegu wa kulifanya zito libebe mchanga. Mchanga unabaki kwenye nyufa zisijifunge. Vali ikifunguliwa, naitrojeni inatanuka na kuyarudisha maji juu, maana mwamba mchovu ule usingeyaweza. Yanarudi na uchafu wa huko, yanamwagwa matangini, na ule uji wa unga unaozea humo juani. Unakuwa ute wa kijani, unavutika kama makamasi. Halafu watu wanaingia na makoleo kuusomba.

Ute huo ukioza hutoa hewa yenye harufu ya mayai viza, hewa inayoua. Kilikuwepo kifaa cha kuipima. Kikaharibika, na msimamizi akasema pua haihitaji betri. Tangu hapo utaratibu ukawa wa mnusaji, na sasa zamu ni ya Pua: anaingiza kichwa kwenye mlango wa tangi, ananusa, anasema "Safi," na wenzake wanaingia. Wa kwanza kuingia ni mume wangu.

Jumapili moja Pua alikuja kwetu. Nilikuwa nimesahau maziwa kwenye jagi tangu juzi, yamekatika, yananuka hadi sebuleni. Narudi kutoka uani, namkuta anajimiminia kikombe cha pili.

"We Pua! Unakunywa nini?"

"Maziwa, dada. Kwani ulimwekea nani?"

Nikamsogezea jagi puani. Akavuta pumzi, akatabasamu kijinga. Mabonge meupe yalikuwa yamemganda kwenye masharubu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Kitambo. Nilidhani itarudi yenyewe."

"Na hiyo 'safi' unayosema kila siku?"

Akaangalia miguu yake. "Nikisema sinusi, si nitafukuzwa? Na mpaka leo hakuna aliyeanguka."

"Anayeingia ni shemeji yako, mbwa we!"

Sijawahi kumtukana hivyo, na sijuti.

Mimi nauza chai kwenye geti la kisima hicho hicho. Kesho yake, kabla hawajafungua tangi, nilimshika mkono nikampeleka kwa msimamizi. Akasema kwa sauti ndogo, maskini, "Bosi, mimi sisikii harufu yoyote. Pua imekufa."

Msimamizi alikuwa anakunywa chai yangu. Hakuweka hata kikombe chini.

"Najua," akasema. "Siku nyingi najua. Mnusaji aliyekutangulia kila saa alitaka tungoje hewa itoke. Wewe hujawahi kunicheleweshea kazi."

Ute wa tangini unatoka kwa sabuni. Yule mtu, na ovaroli lake lililopigwa pasi, nilimwona ananuka kuliko matangi yake yote. Nilimnyang'anya kikombe, nikakitupa. Sitaki mteja mwingine akiguse.

Pua akaenda kuwaambia wenzake. Mume wangu alivua buti zake akaziacha palepale, akaja pekupeku hadi kwenye benchi langu. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na koleo halikuguswa. Pua alibaki amesimama peke yake kando ya tangi, hajui akae upande gani.

Nikadhani tumemweza. Nikaanza hata kuwamiminia chai ya bure.

Msimamizi akatupita bila kututazama, akaenda hadi nje ya geti, kwa watu wanaoshinda pale wakingoja vibarua. Akapiga makofi wamsikilize.

"Nataka mnusaji," akasema. "Nani ana mafua?"

Mikono ikainuka mingi. Mmoja, ambaye hakuwa na mafua yoyote, akaanza kupiga chafya za uongo.