Siku Tuliyokata Migomba Nyakatuntu

Mimi ni askari wa zimamoto, na kazi yangu ni biashara. Wenzangu kituoni hucheka nikisema hivyo, lakini hebu wanibishie: namuuzia mtu kitu ambacho anamwomba Mungu asikihitaji maisha yake yote. Hakuna muuza mitumba aliyewahi kubebeshwa mzigo mgumu namna hiyo!

Nilipopangiwa kufundisha kikundi cha kuzima moto Nyakatuntu, mkutano wa kwanza walikuja watu wachache, nusu yao wakisinzia. Nilinuna kidogo, sitaficha. Halafu nikahamia gulioni. Nilijibana kati ya muuza viatu na mama wa dagaa, nikarundika nyasi kavu, nikaziwasha na kuanza kupiga kelele: "Njoo uzime mwenyewe! Bure! Leo tu!" Watu walijaa. Mzee mmoja wa heshima zake akajaribu kuuzima moto kwa koti, koti likashika, tukamlowanisha yeye na koti lake, na aliyecheka kuliko wote alikuwa yeye. Jioni nilikuwa na kikundi. Nilirudi kituoni Karagwe nyuma ya bodaboda nikiimba kwa sauti, mdomo umejaa vumbi, na sikujali.

Somo lenyewe lilikuwa rahisi. Vibanja vyetu, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, vimetandazwa nyasi chini ya migomba na mibuni ili udongo usikauke. Kiangazi kikikolea, moto hutambaa ndani ya nyasi hizo, na ndoo za maji hazifui dafu. Dawa ni kukata njia mbele yake: mnafagia nyasi, mnaangusha migomba mibichi mstari mzima. Shina la mgomba ni maji matupu, moto hauna cha kula pale. Niliwauliza kama wameelewa, wakaitikia kwa pamoja kama kwaya ya kanisani.

Kiangazi hichohicho, mchana, nikiwa nao tena kwenye somo, tukasikia enduru kutoka upande wa pili wa kilima. Enduru ni yowe la kuita watu, na huku likilia kila mtu anatoka. Asiyetoka kesho yake ana maswali ya kujibu. Tulikimbia! Nilikimbia na buti zangu nzito huku moyo unanidunda kwa hofu na, niseme ukweli, kwa furaha. Kila njia ya miguu ilitema watu, wana mapanga, marungu na mbwa, maana walidhani ni mwizi wa kahawa.

Ulikuwa moto. Majivu yalikuwa yamemwagwa nyuma ya jiko yakiwa bado na makaa ya moto, na sasa nyasi za kibanja zilikuwa zinawaka kuelekea kwenye nyumba. Mwenye nyumba, mama aliyepiga enduru, alisimama uani amejishika kichwa. Wazazi wake walitoka Burundi, na yeye alilima vibarua kwenye vibanja vya watu miaka mingi mpaka akapata hiki chake. Hakuwa na kingine duniani. Nilipiga simu, gari letu likaanza safari, lakini kutoka Karagwe mpaka pale si jirani, na upepo ulikuwa haumsubiri mtu.

Nikachagua mstari, nikanyoosha mkono. "Kateni hapa!"

Hakuna aliyekata. Watu wote wale, mapanga yote yale, kikundi changu chote kilichoelewa somo, walisimama wakinitazama. Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Nikapokonya panga la mtu wa karibu, nikaliinua juu ya mgomba wa kwanza, na hapo nikaziona nyuso zao. Mimi ni mzaliwa wa Muleba, mkoa huuhuu, sikuhitaji kuelezwa. Huku kwetu kukata mgomba wa mtu ni kumtangazia uadui. Koo zimeacha kuzikana kwa sababu ya mgomba mmoja. Migomba ya somo ilikuwa ya maneno tu, haikuwa na mwenyewe, lakini hii mwenyewe alikuwa amesimama pale pale.

Nikashusha mkono, nikamgeukia.

"Shikamoo, mama." Hebu fikiria, moto uko hapo, naamkia!

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba migomba yako ya mstari huu. Tuikate, tuokoe nyumba na kibanja kilichobaki nyuma yake."

Aliitazama. Mingi ilikuwa imebeba, mikungu mizuri iliyokaribia kukomaa. Alichukua panga mkononi mwangu, akauendea ule wenye mkungu mkubwa kuliko yote, akaukata kwa mapigo mawili.

"Haya, kateni! Kwani mmekuja harusini?"

Ee Mungu wangu! Mapanga yalishuka kama mvua. Wengine waliangusha, wengine waliburuta mashina, wengine walifagia nyasi kwa matawi na kwa miguu, mbwa wanabweka, nami sauti imenikauka kwa kupanga watu na kucheka. Moto ulifika kwenye mstari, ukafoka, ukatoa moshi mzito, ukaishia hapo. Tulirukaruka kama watoto. Nyumba ilikuwa imesimama, na zaidi ya nusu ya kibanja ilikuwa kijani.

Ile mikungu iliyokatwa isingefaa kuachwa, kwa hiyo mama aliwasha jiko, wanawake wakakaa kumenya, na watu wote wakala ndizi na maharage pale uani wakiwa weusi kwa masizi. Gari letu lilifika, wenzangu nao wakapewa sahani. Yangu aliileta mwenyewe, akachuchumaa karibu yangu.

"Afande mwanangu, lile panga ulikuwa umeshaliinua."

"Ndiyo, mama."

"Ungekata kabla ya kuniuliza, kwa nyumba ningekushukuru," alisema. "Lakini hapa kwangu usingekula."

Kisha akaniongezea ndizi.