Dua ya Kazi Nisiyokuwa Nayo

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mwaka ule nilijitembeza, tena kwa koti la mtu.

Nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kule Magongo, miaka ishirini na miwili. Kazi yenyewe ilikuwa kupeleka makaratasi, kuyangojea yagongwe muhuri, na kuyarudisha. Asubuhi moja meneja akanipa barua, akanishika bega, akasema kampuni yanitakia kila la heri. Kompyuta ilikuwa imeshajifunza kupeleka makaratasi, tena haiombi ruhusa ya kwenda kunywa chai.

Mamangu sikumwambia. Ana presha, na zaidi ya presha ana majirani. Nusu ya mtaa wetu wa Mishomoroni yajua kwamba mwanawe yuko ofisini. Kwa hivyo kila asubuhi nikivaa shati lililopigwa pasi, yeye akiniombea dua mlangoni, nami nikitoka kwa haraka ya mwenye kazi, nikienda kushukia Mjambere kwa sahibu yangu fundi cherehani. Nikikaa hapo hadi saa kumi, nikimshonea vifungo. Nilikuwa naona haya, wallahi. Mtu mzima na mvi zangu, namtoroka mama kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyemkimbia mwalimu.

Mpwa wangu, binti ya dadangu, asomaye biashara chuo kikuu, ndiye pekee wa nyumbani niliyemfungulia siri. Akaniambia, "Mjomba, siku hizi kazi haitafutwi kwa miguu. Wahitaji wasifu wenye nguvu." Akaja pale kwa fundi, akanifungulia ukurasa kwenye ule mtandao wa watu wa kazi, ambako kila mtu ana furaha kubwa kutangaza jambo, na sikumwona hata mmoja aliyechoka.

Kwanza picha. Shati halitoshi, yasemekana. Waajiri wapenda koti. Fundi akanivisha la mteja, ambalo mkono wa kushoto ulikuwa bado haujatiwa. Nikapigwa upande wa kulia, nikaambiwa nitabasamu kwa kujiamini. Hebu jaribu wewe kujiamini na mkono mmoja, na pini zakuchoma mgongoni.

Kisha maneno. Mimi niliandika: "Karani. Mwaminifu. Najua taratibu za bandari." Mpwa wangu akasoma, akanitazama kwa huruma, akafuta yote. Akaandika kwamba mimi ni kiongozi mwenye maono, mwenye shauku ya kuleta mageuzi katika usafirishaji wa shehena. Nikamwambia kwetu mtu hajisifu. Akisifiwa hukana, na amsifuye asiposema mashallah hutazamwa vibaya.

"Kule ukikana, mjomba," akasema, "watu hukuamini."

Mwisho akaniuliza kazi nilimaliza mwezi gani. Nikamwambia hapo aniachie, nitajaza mwenyewe. Sikujaza. Ukurasa ukabaki wasema niko kazini hadi leo, na katika yote yaliyoandikwa mle, hilo ndilo nililokuwa nikilisoma mara mbili mbili.

Wiki zikapita, hakuna mwajiri aliyebisha hodi. Kisha siku moja mtandao wenyewe, bila kutumwa na mtu, ukawatangazia jamaa na wenzangu wote wa kazi kwamba nimetimiza miaka ishirini na mitatu kazini, ukawawekea na kitufe cha kunipongeza. Hongera zikamiminika, zote kwa maneno yale yale. Ya nne ilitoka kwa meneja. Yule yule wa barua. Alibonyeza tu, maskini, bila kuangalia ampongeza nani. Nilicheka mpaka fundi akasimamisha cherehani, halafu kicheko chenyewe kikanigeukia, nikainama nikashika vifungo vyangu.

Binamu yangu aliyeko Uarabuni naye akaona. Yeye hakubonyeza kitu. Yeye alimpigia simu mamangu.

Niliporudi nyumbani jioni, mama akaniita.

"Labeka, mama."

"Miaka ishirini na mitatu, nawe umenyamaza kimya?" Uso ulikuwa wamng'ara. Alikuwa ameshaagiza mchele na nyama, ameshamwambia na sheikh wa madrasa yetu: Ijumaa, baada ya alasiri, dua ya shukrani. Nikasema hakuna haja. Akanijibu, "Neema isiyoshukuriwa huondoka, mwanangu." Nilitaka kumwambia ishaondoka zamani. Nikanawa mikono, nikala.

Ijumaa nyumba ikajaa. Wanaume mikekani, wanawake nyuma ya pazia, biriani yanukia kutoka uani. Sheikh akainua mikono, akamwomba Mola aibariki kazi yangu. "Amin," wakaitikia wote. Aidumishe, anipandishe cheo. "Amin." Autie moyo wa meneja wangu mapenzi juu yangu. "Amin." Nami nimekaa mbele yao wote, mikono juu. Kuuandika uongo niliweza. Kuuitikia amin, hapana.

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, taratibu. "Mbona siisikii amin ya mwenyewe?"

Nikaishusha mikono. "Mama, kazi sina. Nimetolewa, huu mwezi wa tano."

Mimi nilikuwa nikingojea kusikia mama amezimia.

"Na asubuhi zote hizo nikikuombea mlangoni," akauliza, "ulikuwa waenda wapi?"

"Kwa fundi cherehani, mama. Kushona vifungo."

Sheikh akaanza kuchezea tasbihi yake.

"Sheikh," mama akasema mwishowe, "niwie radhi. Hiyo ilikuwa dua ya mwenye kazi. Tuombee ya mwenye kutafuta. Na wewe," hapo sauti ikamtetemeka, "hii uitikie kwa nguvu, maana miezi mitano nimekuwa nikimwombea mtu ambaye hayuko."

Sheikh akainua mikono upya. Nikaitikia mpaka sauti ikanikatika.