Moto wa Katikati ya Kazi

Dada yangu mkubwa alifinyanga vyungu ufukweni mwa ziwa tangu usichana wake, mpaka mgongo ulipokataa kubeba udongo. Sikuwahi kumwona akikaa bure. Mwaka ule nilimwona, amekaa kibarazani kutwa, na haikunipendeza.

Aliyemwinua ni fundi shaba wa Bondeni, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Alimkaribisha karakanani ajifunze kuchora kwa nyundo. Kanisa letu lilikuwa limepewa bamba moja la shaba nyekundu, nalo likakabidhiwa dada atengeneze mfuniko wa beseni la ubatizo. Wazee wa kanisa walilitoa shingo upande. Bamba lilikuwa hilo moja tu. Kama angeliharibu, asingeaminiwa tena, angerudi kibarazani.

Bamba hulazwa kifudifudi juu ya lami iliyolainishwa, likagongwa kwa nyuma kwa vijiti butu vya chuma, ili umbo litokeze mbele. Dada alichagua kuchora samaki watatu. Wa kwanza alitokea vizuri. Kwa wa pili, nyundo ikaanza kudunda na kulia kwa ukali.

“Shaba imechoka, mama, imekuwa ngumu,” fundi alisema. “Itie motoni kwanza, ndipo uendelee.”

Dada alikataa. Kila mtoto wa mfinyanzi anajua kwamba chungu ambacho hakijakamilika hakitiwi motoni; moto ni wa mwisho. Mimi, niliyekaa pembeni na kitabu changu, nilimuunga mkono kwa hotuba ndefu juu ya watu wa siku hizi wanaotaka kuchoma kabla ya kumaliza. Fundi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole shaba nimeisoma ukurasa wa ngapi.

Kesho yake samaki wa pili alichanika mkiani, ufa wa urefu wa ukucha. Dada aliweka nyundo chini, akalifunika bamba kwa kitenge, akasema atalirudisha kwa wazee.

Nimetumia nusu ya maisha yangu mimbarini kuwahimiza wengine wakiri makosa yao. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu, nami niliona jinsi maneno hayo yanavyokuwa mazito mdomoni. Nilimwambia dada kwamba nilikuwa nimehubiri nisichokijua.

“Hata mimi nilikijua cha udongo tu,” alijibu.

Fundi hakutucheka. Alitoboa tundu dogo mwisho wa ufa usiendelee, akasema, “Udongo ukishaiva haurudi kuwa laini. Shaba hurudi, kila ukiirudisha motoni.”

Dada akalibandua bamba kwenye lami, akaliweka juu ya makaa na kuvuta mivukuto mwenyewe. Likawa jekundu, likazimwa majini, likatoka jeusi lenye madoa. Akashika pembe yake kwa vidole viwili, akaikunja kidogo. Ikatii.

“Kumbe ni udongo huu,” alisema. Kisha akamshukuru kwa lugha ya kwetu: “Ndaga, fundi.”

Tangu hapo alilitia motoni kila liliposhupaa. Samaki wa tatu ndiye aliye hai kuliko wote. Kazi ilipokwisha, ufa ulizibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, lakini alama yake haikufutika. Mzee mmoja wa kanisa aliipapasa Jumapili, akauliza ni nini.

“Hapo nilichelewa kutia moto,” dada alimjibu.

Mzee aliendelea kupapasa, hadi samaki wa tatu. Akauliza kama dada anaweza kuchora na bamba la mlango wa kanisa.