Beseni la Ubatizo na Pete za Shaba

Chekeni, lakini chekeni polepole, kwa sababu aibu yenyewe haijakauka na kanisa lilikotokea hilo jambo ndilo letu, hapa mtaa wa Fedha, naenda kila Jumapili, ila siku hizi nakaa benchi ya nyuma.

Mimi ni fundi wa mbao soko la Gikomba. Mke wangu, Mwende, ni binti ya mchongaji wa Wamunyu, mzee aliyechonga twiga na vifaru kwa tezo na patasi tangu ujana wake na ambaye haamini kifaa chochote kinachotumia stima. Tangu tuoane hakuwahi kukanyaga nyumbani kwetu, kwa vile mimi ni mtu wa mashine. Mwende alilia kwa ajili hiyo, mimi nikajifanya sijali (nilijali sana). Tulipompata binti yetu, Nyambura, mzee akatuma ujumbe kwamba atakuja kwenye ubatizo, aone kazi yangu kwa macho yake, kisha ataamua kama atakuja kula kwetu ama atapanda basi arudi Wamunyu. Kazi gani? Ile niliyomwahidi mchungaji kwa kujigamba: meza ndogo ya mvule yenye tundu la mviringo katikati, ya kushikilia beseni la ubatizo, ambalo miaka yote lilikuwa linakaa juu ya stuli ya plastiki.

Nilikuwa na ruta mpya (si ile ya intaneti, hata mama yangu aliniuliza hivyo, hii ni mashine ya mkono yenye kisu kinachozunguka, inachimba mifereji na kukata maumbo kwenye mbao), nikaenda Eastleigh kuitafutia vifaa. Muuzaji akaniwekea vya aina mbili. Kimoja kilikuwa chuma cheusi cha kufunga pembeni, kinaongoza ruta ifuate ukingo wa mbao bila kupotea, na kina pini unayosimika katikati kama unataka mashine izunguke. Kingine kilikuwa boksi la pete za shaba. Pete inafungwa chini ya ruta, kisu kinapita ndani yake, halafu pete inasugua ukingo wa umbo lolote ulilolaza juu ya mbao na mashine inafuata.

"Boss, ipi inatoa duara poa?" nikauliza.

"Zote ziko fiti, buda. Ni mkono wako tu."

Jamani, zile pete ziling'aa! Zilikuwa zimepangwa kubwa hadi ndogo, kila moja kwenye nafasi yake, nikajikuta nimeshusha sauti kama mtu aliyeingia kanisani. Nikaacha kile chuma cheusi, nikachukua pete. Tena nikajiona mjanja: kupima kwa nini? Nitaliweka beseni lenyewe kifudifudi juu ya mbao, nizungushe ruta, na tundu litatoka saizi ileile.

Jumamosi nikaliazima beseni kanisani, nikafanya hivyo. Ile mashine iliimba, unga wa mbao ukaruka, nikazunguka beseni lote bila mkono kutetemeka, na kile kipande cha katikati kilipodondoka nikapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu, laini kama shavu la Nyambura. Nilisimama mdomo wazi, siamini kama ni mimi. Kisha nikaligeuza beseni, nikaliweka kwenye tundu, likapita moja kwa moja hadi sakafuni, kwang'!

Ni kwamba pete ina unene wake na kisu kiko katikati yake, kwa hivyo kisu hakikati pale beseni linapoishia, kinakata nje yake, upana wa kidole kila upande. Mbao nyingine sikuwa nayo na siku ilikuwa imeisha. Nikabandika vipande vya mbao kwa gundi chini ya tundu, vitokeze ndani vibebe beseni, nikalijaribu likiwa tupu, likakaa. Kesho yake akina mama wa kanisa wakatandika kitambaa cheupe cha kufuma, na kwa macho ya binadamu hakukuwa na kasoro.

Mzee alikaa mbele, kofia mapajani, hakuondoa macho kwenye meza. Mama mmoja akaleta jagi la maji, akamimina, akaenda akaleta la pili. Nilitaka kusema yametosha, lakini utamwambiaje mtu kwamba maji ya ubatizo yametosha? Mchungaji akaanza kuyaombea, na katikati ya maombi akaegemeza kiganja kwenye ukingo wa beseni. Nikasikia tik. Mwende akanitazama, nami nikatazama dari.

Beseni lilikwenda chini pamoja na kitambaa. Maji yakajaa viatu vya mchungaji na kulowesha gauni la Mwende. Nyambura, aliyekuwa amelia tangu asubuhi, akaacha kulia akakodolea lile tundu.

Mzee akainuka. Akaja polepole, akapiga magoti majini na suti yake, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu, akauzunguka wote.

"Nani alikata hapa?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulikata na mkono?"

"Na mashine, mzee."

Akazungusha kidole tena. "Nimechonga maisha yangu yote," akasema kwa sauti ya chini, "na sijawahi kutoa mviringo kama huu." Halafu akainua kichwa. "Lakini kijana, kweli ulishindwa kupima beseni?"

Kanisa likaangua kicheko, mchungaji akiwa wa kwanza. Mzee hakucheka. Akaokota beseni, akalipangusa kwa leso, akalishika kwa mikono miwili mbele ya kifua chake, akasema, "Leteni maji."

Na alilishika ubatizo wote, na mchungaji hakufupisha sala hata moja. Mikono ile imejaa makovu ya patasi, na maji ndani ya beseni yalitulia tuli. Nimeshika mashine nyingi lakini sijaona kitu kinachotulia namna hiyo, na nilipoona kichwa cha binti yangu kimeinamishwa juu ya mikono ya babu yake, nililia mbele ya watu bila haya.

Siku hizi sikati tundu lolote kabla ya kulijaribu kwenye kipande cha kutupa, nimeapa, na hata mniite mwoga sitabadilika.

Tulipotoka nje, Mwende akamuuliza baba yake kwa woga basi lake linaondoka saa ngapi.

"Basi gani?" akasema mzee, akinikabidhi kofia yake nimshikie. "Baba Nyambura, tangulia utuonyeshe njia. Viatu vimelowa, na nina njaa."