Kwa nini albamu yetu ya pili ina mashine

Leo nimeumbuliwa sebuleni kwangu, hapa Kitendaguro.

Mtangazaji wa redio alikuja kuuliza habari za bendi yetu ya zamani, ile ya muziki wa metali, magitaa ya kunguruma na vyuma vya kugonga.
Nikamwekea kaseti zote mbili.

Ya kwanza, mpiga ngoma wetu Rwegasira anapiga mapipa na rimu za lori kama ana ugomvi nazo.
Ya pili, mashine ya ngoma. Imenyooka, haina huruma.

"Kwa nini mlibadilika?"
Nikajibu kwa madaha, "Tulikomaa kisanii."

Adela, dada yake Rwegasira, alikuwa amekuja kunisalimia.
"Waitu, ndugu yangu, sema kweli. Kaka alianza kukonda, mkaogopa kugusa vyuma alivyogusa."

(Miaka ile ya mwanzo wa Ukimwi kila aliyekonda aliogopwa. Najitetea, najua.)

"Siku mnarekodi alikaa nje ya dirisha, amejifunika blanketi. Akarudi akaniambia, ile mashine inapiga kunishinda. Tulimzika kule Kamachumu kabla kaseti haijatoka."


Mtangazaji akauliza polepole ni albamu ipi naipenda zaidi.

Nikasema ya pili.
Adela akatoka bila kuaga.

Haya, nitukaneni. Lakini ya pili ndiyo nzuri.