Nilimcheka Nasieku Akiwa na Jibu Sahihi

Nimekosa, na sitafuti huruma ya mtu. Mkitaka kunitukana nitukaneni, lakini kwanza mnisikize.

Nasoma saikolojia katika chuo kimoja hapa Kitengela. Nililelewa Nkoroi, shule za Kiingereza tupu, na nilijiona mjuaji kweli kweli! Rafiki yangu Nasieku ametoka Illasit. Yeye hufikiria kabla ya kuongea. Mimi naongea tu.

Wiki ya mtihani tulikaa kikundi tukirudia maswali. Tukafika kwa neno negative reinforcement, mojawapo ya njia za kujenga tabia. Nasieku akasema, "Mimi naona hiyo negative ni kutoa, kama kwa hesabu. Mama akinigombeza juu ya vyombo, nikiosha ananyamaza. Kelele imetolewa, sasa kesho naosha haraka."

Nikacheka! Mbele ya wote! "Wewe, negative ni kitu kibaya. Hiyo ni adhabu. Wacha kujisumbua."

Wengine nao wakacheka. Akafuta alichokuwa ameandika.

Swali likaja kwa mtihani, tena lile la lazima, lenye alama nyingi, na sote wawili tukaandika adhabu. Mimi nilipita kwa kuponea chupuchupu. Nasieku akaanguka. Kulikuwa na hospitali huko Kajiado iliyomkubali kwa mafunzo ya kazi, mradi apite mtihani. Nafasi ikapewa mtu mwingine!

Nikamfuata hadi langoni. "Nasieku, pole, sikujua."

"Wewe hukujua, sawa. Lakini mimi nilijua. Nilijua, na nikakuamini juu ya hicho Kizungu chako."

Akaenda. Mpaka leo hashiki simu yangu.

Wenzangu wananiambia ninyamaze, ati kila mtu aliandika kwa mkono wake. Sinyamazi! Nilisimama darasani nikasema yote, mwalimu akisikia. Kuna waliocheka. Wacheke! Siku hizi neno nisilolielewa nauliza pale pale, wakunje nyuso wakitaka.

Na wewe unayejiandaa kwa mtihani, maneno ya sayansi si yale ya mtaani. Huko negative si ubaya, ni kutoa; na negative reinforcement ni kuondoa kitu kinachokukera ili tabia fulani iongezeke. Usiniamini mimi pia! Muulize mwalimu wako.

Na siku mjuaji kama mimi atakucheka mbele ya watu, usiangalie chini. Mwambie mbele ya watu hao hao: "Nionyeshe kwa kitabu."